Akiba ya Mshono

Naomba ieleweke mapema: sikuwa na nia ya kumuua mke wangu. Nasema hivi kwa sababu daktari wa wodini aliniuliza swali hilo, na aliuliza akiwa ameshika kalamu.

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa thelathini na moja sasa. Duka letu lina cherehani mbili, meza ya kukatia na meza ya pasi. Meza ya kukatia ni yangu. Meza ya pasi, vifungo, wateja na mdomo ni vya mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bosi. Hata mimi namwita Bosi, maana ubishi hauna faida.

Ukitaka siri ya kazi yangu ni moja tu: usikate mpaka mwisho. Kila nguo naiachia akiba ndani ya mshono, inchi moja kila upande, imekunjwa isionekane. Mteja akinenepa, nafumua, napanua, anaondoka anacheka. Mafundi wa siku hizi hawaachi. Mtu akila vizuri wiki moja tu, suruali inamkataa. Mimi naacha kwenye nguo, naacha kwenye uzi, naacha kwenye sahani. Akiba haiozi, ndivyo nilivyolelewa.

Mwaka jana, msimu wa mvua, nikaugua malaria. Nikapimwa damu, nikaandikiwa dawa ya mseto, vidonge ishirini na vinne. Mfamasia, mwanaume mpole asiyepandisha sauti hata nyumba ikiungua, akanieleza: vinne sasa hivi, vinne baada ya masaa manane, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata.

"Pamoja na chakula," akasema. "Na umalize."

Nikaitikia. Kuitikia hakunishindi.

Siku ya pili saa nne asubuhi nilikuwa mzima, nina njaa, nashona. Vidonge vilibaki kumi na viwili. Sasa mtu ameshapona, anamtibu nani? Nikachukua mkasi, nikaipunguza ile karatasi ya vidonge pembeni ili ienee kwenye kopo langu la biskuti, nikalinganisha kingo vizuri. Tarehe ya kuisha muda ilikuwa pembeni, ikaenda na takataka. Humo koponi mlikuwa na vidonge vingine vinne vya malaria vya mwaka juzi, masalia ya dawa nyingine, zipu mbili nzima na vifungo. Nikafunika.

Mwezi uliopita, Jumapili asubuhi, Bosi akaanza kutetemeka huku amekaa juani. Nikampima joto kwa mgongo wa mkono, kama ninavyopima pasi. Kwa joto lile ungeweza kunyoosha kitani.

"Twende zahanati," akasema.

"Foleni ya pale unaijua. Dawa ipo hapa hapa."

Akaniangalia. Bosi ana namna yake ya kumwangalia mtu, wateja wanaochelewa kuchukua nguo zao wanaijua. Nikajiandaa. Lakini akanyoosha mkono tu.

Hapo ndipo nilipoleta ufundi wangu. Mimi nina kilo tisini. Bosi ana hamsini, kiuno inchi ishirini na nane. Nikasema moyoni, mtu hashonewi kwa kipimo cha mwenzake. Nikamkatia vitatu vitatu, asubuhi na jioni, siku mbili. Chakula hakikupita, nikampa na chai ya rangi. Vile vya kwanza alivitapika kabla chai haijapoa. Nikavihesabu kuwa vimeingia, maana niliviona kwa macho yangu vikiingia. Jumla kumi na viwili, vikabaki vinne. Yaani hata kwenye akiba niliacha akiba, na nikajiona mtu wa maana sana.

Jumanne aliamka mzima. Akapiga pasi mashati sita na kumgombeza mteja mmoja. Nikamwambia, "Unaona?"

Alhamisi, saa tatu asubuhi, nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Bosi haunguzi nguo. Miaka ishirini na sita ya ndoa hajaunguza hata leso. Nikageuka nikakuta pasi imelala juu ya gauni la mteja na mke wangu amelala sakafuni, macho wazi, ananiita kwa jina la kaka yake marehemu.

Nilimbeba. Mimi niliyezoea kukaa kitini kutwa nzima, nilimbeba mpaka barabarani, tepu ya kupimia bado ipo shingoni, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Pasi niliizima kwanza. Sijui kwa nini hilo huwa nalitaja.

Hospitalini walimchukua kwa mbio. Baadaye akaja daktari, binti wa umri wa mwanetu, kashika faili.

"Mzee, ni malaria, na imepanda kichwani. Alitumia dawa yoyote?"

"Ya mseto."

"Dozi nzima?"

"Dozi yake."

Akaacha kuandika. "Dozi yake ni ipi?"

Nikamweleza yote: kopo, kilo, kiuno, chai.

"Alipimwa?"

"Nilimpima."

"Kwa kipimo gani?"

Nikamwonyesha mgongo wa mkono. Akautazama kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, ulitaka kumuua?"

"Hapana, daktari."

"Mtu mzima wa kilo hamsini na wa kilo tisini, dawa hii wanameza sawa. Haifuati kiuno. Inataka chakula chenye mafuta kidogo, hata maziwa, la sivyo mwili hauichukui yote. Mgonjwa akitapika muda mfupi baada ya kumeza, hapo hakuna dozi, mnarudi kuuliza. Na ukimpa pungufu, vijidudu vinavyobaki vinajipanga upya. Kuna dawa nyingine anayotumia?"

"Hakuna."

Akaniomba mkoba wa Bosi. Ndani, chini ya leso, kulikuwa na vidonge vya presha na kadi ya kliniki. Miezi saba anavimeza.

"Hili lilitakiwa kuulizwa kabla ya kidonge cha kwanza," daktari akasema.

Jamani, mimi najua bega la kushoto la mke wangu limeshuka robo inchi kuliko la kulia. Nimeshalificha kwenye magauni yasiyohesabika. Presha sikuijua, kwa sababu sikuwahi kuuliza.

"Atapona?"

"Tumemwanzishia sindano. Kaa pale, mzee. Sitaki kukudanganya."

Nikakaa pale siku mbili. Majuto ni mjukuu, na wangu alikaa na mimi benchi moja. Nililia mchana kweupe, mbele ya akina mama waliokuwa wanasubiri zamu zao. Mmoja akanipa leso, akaniambia nisijali, upindo wake umefumuka kidogo. Nilikuwa na sindano na uzi kwenye kola ya shati. Nikaushona, nikamrudishia, nikaendelea kulia.

Siku ya tatu wakaniita. Bosi alikuwa amekaa, ameegemea mto, mdogo kuliko nilivyomwacha.

"Gauni la watu umelifanyaje?" akauliza.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka muuguzi akaninyamazisha.

Aliporuhusiwa tulipewa cheti cha dawa: mseto tena, vidonge ishirini na vinne, wa kumalizia kazi ya sindano. Nilikwenda kwa mfamasia na cheti mkono mmoja, kopo mkono mwingine. Akamwaga kopo juu ya kaunta, akaanza kutenganisha kwa rula.

"Vya malaria, vinne, havina tarehe. Hivi vya minyoo. Hivi sivijui, na mimi ndiye mfamasia." Akasogeza kimoja pembeni. "Hiki ni kifungo."

"Najua."

"Dawa ikibaki, usiiweke na usimgawie mtu. Niletee mimi." Akanirudishia kifungo. "Na safari hii, Fundi, umalize."

"Anamaliza yeye."

"Basi wewe mhesabie."

Nikarudi dukani nikachora mistari sita ya chaki kwenye meza yangu ya kukatia. Wa kwanza nikaufuta saa nne asubuhi, baada ya uji wa maziwa. Wa pili saa kumi na mbili jioni. Kisha asubuhi na jioni, asubuhi na jioni. Kila mara nilisubiri pale pale na saa mkononi, nione kama atatapika, mpaka akaniambia nimtazame kama binadamu, siyo kama sufuria ya maziwa motoni. Wiki ile nilipata ugonjwa wangu mwenyewe: sikuweza kuacha kitu. Nguo nilizikata mpaka kwenye uzi. Kopo nililitupa.

Jioni ya mwisho akameza vinne vya mwisho, akafungua mdomo nione. Nikafuta mstari wa sita. Ndipo nikamuuliza lile lililonikaa kooni.

"Ile Jumapili, mbona hukubisha? Wewe unabisha hata na redio."

Akapangusa midomo.

"Nilijua ni vile vya kwenye kopo. Nilikuona ukivikata."

"Sasa kwa nini ukameza?"

"Miaka ishirini na sita unanipima wewe," akasema. "Hujawahi kukosea."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana, matusi yake nayamudu. Niliinama nikajifanya natafuta sindano iliyoanguka, na alinipa muda wa kuitafuta.

Halafu akasimama, akashika gauni lake la kijani kiunoni. Kitambaa kilijaa mkononi mwake.

"Hili linanipwaya. Nibanie, kesho narudi kazini."

Nikampima. Inchi ishirini na tano. Nikampima tena, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mtu. Nikaweka pini pembeni zote mbili, akalivua, nikashona. Zile inchi tatu zikabaki zinaning'inia ndani ya mshono. Nikachukua mkasi.

"Hiyo usikate," akasema Bosi.

"Bosi, mimi mambo ya akiba nimeyaacha."

"Usikate. Hizo ni zangu, nitazirudia."

Nikaweka mkasi chini. Nikazikunja zote ndani, taratibu, nikazipiga pasi mwenyewe.