Somo la Mwisho la Mama Kiti

Kitu cha kwanza kunichefua siku ile kilikuwa marashi. Mtu alikuwa amepuliza marashi ya chooni, yale ya kopo, ukumbi mzima wa mihadhara, ili kuficha harufu ya dawa ya kuhifadhia maiti inayopanda kutoka chumba cha anatomia kilicho chini yake. Harufu haikufichika. Zilikutana mbili, zikaelewana, zikaingia puani pamoja. Na hapo hotuba zilikuwa bado hazijaanza.

Tulikuja kumkumbuka mwalimu wetu, ambaye sisi wanafunzi wake tulimwita Mama Kiti. Katika wodi ya wanawake hakumruhusu mwanafunzi yeyote kuongea na mgonjwa akiwa amesimama. "Vuta kiti," alikuwa akisema. "Ukimsimamia mtu aliyelala, hata salamu inakuwa amri." Kiti kikikosekana, ndoo ilipinduliwa. Na kabla ya kumfunua mgonjwa, ulimwomba ruhusa. Mgonjwa akikataa, mliondoka kundi zima, mwalimu akiwa mbele, mkaenda kitanda kingine bila kununa. Niliwahi kuona bibi mmoja mkali akimfukuza mbele yetu sote. Mwalimu akatoka akicheka, mabega yanamtikisika: "Haya wanangu, leo nimeachishwa kazi."

Mimi nilifika mikononi mwake nikiwa mwoga wa sindano. Daktari mzima wa kesho, nikiona mshipa natoka jasho. Alininyooshea mkono wake mwenyewe akasema, "Anza na huu, ni mzee, umeshazoea kuumizwa." Nilimchoma ovyo, akanielekeza, nikamchoma tena. Nilimpenda mwanamke yule kuliko nilivyowahi kumwambia.

Sasa nilikuwa nimekaa namsikiliza mkuu wa idara akimsifu. Huyu tulimpa jina la Profesa Slaidi, maana bila projekta hawezi kukuambia hata kwao ni wapi. Ndiye aliyefuta masomo ya Mama Kiti ya wodini, kwa hoja kwamba yanachelewesha ratiba na kwamba wagonjwa wanadekezwa. Alimhamishia chumba kisicho na dirisha, karibu na stoo ya mashuka. Leo amevaa suti nyeusi, anafuta machozi ya mamba, anasema, "Alitufundisha utu." Mwalimu hai alimnyima wodi, maiti anamvisha kilemba cha ukoka. Waliofuata walikuwa walewale. Mmoja ambaye hakukanyaga wodini muda wote wa ugonjwa alisema alikuwa kwake kama dada. Dada! Nilitaka kutema mate, nikakumbuka niko ndani.

Alipougua, Mama Kiti alilazwa katika wodi yake mwenyewe, na daktari wake nikawa mimi. Alikuwa na uvimbe tumboni, wa aina ambayo hospitali yetu haikuwahi kuiona. Ulimla mwili wote, ukabakiza tumbo. Hata hivyo aliwaita wanafunzi. Walivuta viti, wakaomba ruhusa, wakamgusa, yeye akiwasahihisha: "Si hapo, binti, shuka kidogo. Mkono baridi huo, upashe kwanza." Aliniambia, "Wajifunze kwangu nikiwa hai, wakikosea niwaambie. Nikifa, basi. Mniache nipumzike."

Kulikuwa na jambo jingine. Kila alasiri, kabla ya saa ya kuona wagonjwa, aliomba kitana na poda, akapaka midomo rangi, kisha akanitaka nimvutie shuka hadi kidevuni. Mumewe alikuwa akija na chupa ya uji, anakaa pembeni, wanaongea habari za majirani. "Mzee wangu abaki na uso wangu," aliniambia. "Hili tumbo ni siri yangu na yako. Asilione hata siku moja. Niahidi." Nikaahidi. Alipofariki nilimviringisha shuka mwenyewe kabla mzee hajaingia, na nilidhani ahadi yangu imekwisha salama.

Kumbe wapi. Ratiba ya siku ile ilikuwa na kipengele cha mwisho kiitwacho "Somo lake la mwisho", cha Profesa Slaidi. Wengine walipokuwa wakipokea soda na keki, nilimfuata kwenye meza ya kompyuta.

"Profesa, hilo somo la mwisho ni lipi?"

"Ah, daktari! Kuna kisa kimoja cha kuvutia sana." Alikuwa na makombo ya keki kwenye ndevu. "Uvimbe wa aina ile hupati mara mbili maishani. Wageni wetu wa vyuo vingine watafurahi."

"Kisa cha nani?"

"Unajua miiko yetu. Utambulisho wa mgonjwa umelindwa."

"Mume wake amekaa pale mstari wa mbele, Profesa. Na marehemu alisema akifa aachwe."

"Alikubali kupigwa picha."

"Za faili! Za matibabu yake."

Akanishika bega, kwa mkono uleule wenye keki. "Yule alikuwa mwalimu hadi pumzi ya mwisho. Hivi ndivyo angependa."

Nimegundua kwamba wanaojua marehemu angependa nini huwa wengi kuliko waliomuuliza alipokuwa hai. Nilimwambia basi anipe nafasi nimtoe mzee nje kwanza. Akaniambia nisiharibu shughuli ya watu, akageuka kutafuta waya. Sikio la kufa halisikii dawa, hata likiwa la profesa wa dawa.

Nikaenda kwa mzee. Alikuwa amekaa wima, kofia magotini, anatabasamia kila anayepita. Alikuwa dereva wa mabasi hadi alipostaafu, na mpaka leo hukaa kama ameshika usukani.

"Baba, hujachoka? Twende nje tukapate chai. Humu kuna joto."

"Chai baadaye, mwanangu."

"Kuna hewa nzuri nje."

"Hewa nimevuta jana na leo." Akanipigapiga mkono. "Nimekuja kusikia watu wanavyomsema mke wangu. Wanamsema vizuri, eeh? Keti hapa na mimi."

Nikaketi. Ningefanya nini, nimbebe? Nikatazama ukuta. Pembeni ya pazia jeupe la projekta walikuwa wamesimamisha picha yake kubwa yenye fremu na maua ya plastiki, ile anayocheka na jino lake lililopandana na lingine. Taa zikazimwa. Mtu nyuma yangu alikuwa bado anatafuna.

Profesa Slaidi alianza na ramani ya viungo vya ndani, akaleta vipimo vya damu, sauti yake ikichangamka kadiri machozi yalivyokauka. Kisha akabonyeza, na Mama Kiti akatokea pale juu, urefu wa ukuta.

Alikuwa amelala kitandani, gauni la hospitali limefunuliwa hadi kifuani. Mbavu zilihesabika. Tumbo lilikuwa limevimba na kung'aa, mrija wa kutolea maji umechomekwa ubavuni, ngozi kuuzunguka imechubuka. Midomo yake ilikuwa na rangi, maana ilikuwa alasiri, alikuwa ameshajipamba kwa ajili ya mumewe. Na juu ya macho, Profesa alikuwa amemchorea mstari mpana mweusi, kama wanavyofanya kwenye vitabu ili mgonjwa asitambulike. Chini yake jino lilelile lililopandana. Mita moja pembeni, kwenye fremu, mtu huyohuyo anacheka.

"Mgonjwa wa kike, wa makamo," Profesa alisema. "Tazameni upande wa kulia."

Na walitazama! Ndicho kilichonitia kinyaa kuliko vyote. Nilisikia miguno ya watu walioridhika. Wageni wakainua simu kupiga picha. Waliokuwa wakilia dakika chache nyuma walishaanza kunong'onezana majina ya magonjwa.

Niliruka, nikasimama mbele ya mwanga. Picha ikanihamia. Mrija ukapita kwenye blauzi yangu nyeupe, tumbo la mwalimu wangu likakaa juu ya tumbo langu. Nikatanua mikono, lakini mimi mfupi, na ukuta mkubwa, kila upande nilioziba, kwingine kukabaki wazi.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima, Profesa, huna haya?"

"Daktari, unatuzibia," mtu akasema kutoka nyuma, kwa upole kabisa.

"Toka hapo, mwanangu," mzee akasema.

Alikuwa amesimama. Nilidhani amekosea njia kwa ajili ya giza, nikamwambia, "Baba, usitazame, nakuomba. Nilimwahidi."

"Najua ulimwahidi. Hilo tumbo nililiona zamani." Hakupandisha sauti. "Alikuwa akijifunika shuka, mimi naangalia dirisha. Dawa zikimtia usingizini, nalifunua, naliwekea mkono, namfunika tena vilevile alivyokuwa. Alitaka nisijue. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa, nikampa hicho."

Mikono yangu ikashuka yenyewe. Mzee akanipita, akafika karibu na ukuta, akainua uso.

"Mheshimiwa," akamwita Profesa. "Hicho cheusi machoni mwake ni nini?"

"Ni... ni taratibu za kazi, mzee wangu. Tunamsitiri mgonjwa. Asijulikane."

"Asijulikane na nani?"

Profesa akatazama ukumbi. Akatazama fremu yenye maua. Nadhani ndipo alipoona, kwa mara ya kwanza, kwamba picha ni mbili na mtu ni mmoja. Akababaika na kompyuta yake, akabonyeza ili azime, ikaja picha iliyofuata, ya karibu zaidi, na ule mstari mweusi ukiwa mkubwa zaidi.

"Kama mlitaka kumfunua," mzee akasema, "mngemwachia macho, awaone mnaomtazama."

Akavaa kofia yake. Nilimshika mkono, tukapanda ngazi za ukumbi polepole katikati ya viti, watu wakikunja miguu kutupisha na kuangalia chini kama wameangusha kitu. Tulipofika mlangoni nikamsikia Profesa nyuma yetu akikohoa, kisha, kwa mazoea tu, akauliza kama kuna swali lingine.