Ugonjwa wa Gari la Placide

"Papa Placide, hilo gari lako linaumwa nini hasa?" Josué aliuliza mbele ya watu wote. "Wiki ya tatu hii nakupeleka kazini kama bibi harusi, na fundi magari ni mimi! Nikitaka kufungua boneti tu, unanifukuza. Kesho nahamia zamu ya usiku. Utakwenda na nini, na foklifti?"

Ukumbi wa kanisa, pale Alief, huku ughaibuni, ulilipuka kwa kicheko. Hata Mama Rosette, nesi aliyeitisha mkutano, alijificha nyuma ya chupa yake ya maji. Tangu ibada iishe alikuwa akiwabembeleza wazungumzie afya ya akili, na wanaume wakawa wanaikagua dari kana kwamba wamepewa kazi ya kuipaka rangi. Akili? Kwani nani hapa anaokota makopo? Afadhali gari.

Placide hakucheka. Ghalani, akiendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo, ndiye aliyeweza kupitisha friji mbili katikati ya rafu bila kukwaruza boksi. Sasa mikono hiyohiyo ilikuwa imebanwa katikati ya magoti.

"Gari ni zima," alisema.

"Zima?" Josué alishangaa.

"Polisi alinisimamisha, taa ya nyuma ilikuwa imekufa. Nikashuka nimsalimie."

"Ulishuka?" Mama Rosette alinong'ona. "Huku unabaki kitini, mikono wazi juu ya usukani."

"Sasa mama, kule kwetu Uvira mwanajeshi akija unabaki umekalia kiti kama mfalme? Nilivua kofia. Nikamnyooshea mikono yote miwili." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likakwama njiani. "Bunduki ikatoka. Nikalazwa kwenye lami, goti lake mgongoni. Christelle wangu yuko kiti cha nyuma, analia kwa Kiingereza, anamwambia yule polisi: baba yangu anasalimia tu. Halafu wakaniachia. Hata faini hawakunipa. Tangu siku hiyo nikishika ufunguo, mikono inatetemeka. Nikaona nilisingizie gari."

Dari haikuwa na mtazamaji tena.

"Mimi," mzee Nazaire, Mrundi wa watu, alijikohoza, "nikiziona zile taa za polisi nyuma yangu, naingia kituo cha mafuta kilicho karibu nanunua karanga. Nyumbani nina karanga za kufungulia duka."

Wakacheka tena, ila kwa sauti ya chini. Mama Rosette akaweka chupa sakafuni, akavuta kiti karibu.

Jioni, kwenye maegesho ya nyumba zao, Josué alipangusa majani kwenye kioo cha mbele. Placide akakaa kwenye usukani, Josué pembeni yake. Ufunguo ulikuwa tayari mahali pake. Placide akaweka mikono juu ya usukani, pale ambapo yeyote anayepita angeiona. Ufunguo hakuugusa bado.

Josué, ambaye kila akiingia garini huanza na redio, aliitazama mikono yake mwenyewe. Akaiinua taratibu, akaiweka juu ya dashibodi.

"Mimi sina haraka, Papa."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Christelle akaingia, akavuta mkanda. Ukafungika: ka!