Mfalme wa Babeli Asiyetakiwa Kufa

Asubuhi ya onyesho la opera mkaguzi wa serikali alikuja jukwaani akamwokoa mfalme wa Babeli.

"Mfalme wetu atakuwepo," alisema. "Hapa Napoli hauawi mfalme mbele ya mfalme, hata awe wa zama za kale. Malkia amsamehe."

Malkia huyo alikuwa Ersilia, mwanangu. Wimbo wake wa kisasi ukafutwa, na wa msamaha akajifunza huku anafungwa kamba za gauni. Mimi nikaanza kusali. Mfalme wetu akipiga makofi, Ersilia angeajiriwa msimu mzima. Asipopiga, tungerudi kwenye vijukwaa vya mikoani, anakoimba huku watu wanatafuna njugu. Na ukumbini mle hakuna aliyethubutu kupiga makofi kabla ya mfalme.

"Mama, acha kusali kwa sauti, unanitia kiwewe!"

"Nikinyamaza nitapasuka, mwanangu."

Don Pompilio, mzee wa sauti nzito aliyeigiza mfalme wa Babeli, alicheka mdomo umejaa vibiskuti vya taralli. "Tulia, Donna Nunziata. Babeli hii nimeiimba Milano, Venezia, Palermo. Naijua hata usingizini."

"Hicho ndicho ninachokiogopa."

Na kweli. Usiku ule jukwaani, nami nikitazama toka juu, Ersilia alitupa kisu cha kisasi, akafungua mikono ili asamehe. Don Pompilio akasikia tarumbeta ambazo miaka yote zilikuwa ishara yake ya kufa, akashika kifua, akaanguka kwa kishindo. Hakuna aliyemgusa, mpumbavu yule! Alipokumbuka alifumbua jicho moja, lakini mfalme aliyekwisha kufa mbele ya umati anaamkaje?

Ersilia hakutetereka. Alipiga magoti, akakipakata kichwa cha mzee, akamwimbia msamaha maiti. Aliimba kama anayemsihi arudi, amechelewa kumwambia kuwa amemsamehe. Sijapata kumsikia hivyo, mimi niliyemfundisha kuimba jikoni kwangu. Nililia bila aibu.

Wimbo ukaisha. Watu wote wakageukia roshani ya mfalme.

Mfalme alikuwa ameweka mikono magotini, akimkodolea macho yule mfalme wa sakafuni. Mikono haikunyanyuka. Wanaume wazima walikuwa wanafuta machozi kwa siri na wanabana viganja makwapani. Pale chini midomo ya Ersilia ilianza kutetemeka. Alidhani ameimba vibaya. Ningeweza kustahimili njugu za mikoani maisha yangu yote, lakini si hilo.

Nikapiga makofi.

Bibi aliyeketi kando yangu alinivuta shali. "Una wazimu, mama? Utafungwa!"

"Acha wanifunge. Yule ni wangu."

Mkaguzi alikuwa tayari anapanda ngazi, askari wawili nyuma yake. Nilizidi kupiga, peke yangu katika ukumbi mzima, mpaka viganja vikawaka moto. Ersilia akainua uso, akanitafuta huku juu kwenye viti vya bei rahisi, akaniona. Kisha mwanangu akampa mfalme wa roshani mgongo, akainama kwa heshima upande wangu.