Mkanda wa Mwisho wa Fundi Mgongo

Watu walimwita Fundi Mgongo, na mwenyewe hakuchukia. Alitengeneza mikanda maisha yake yote, na mkanda wake haukuwa mchezo: ungeuvaa ukiwa kijana ukaja kumwachia mjukuu, haujarefuka wala haujalegea. Siri yake aliitangaza kwa kila aliyeingia karakana, awe mteja, awe mtu aliyepotea anauliza njia. Ngozi ya mgongo tu. Mgongo umezaliwa kubeba, alikuwa akisema, tumbo limezaliwa kutanuka. Sasa wewe jifunge tumbo la ng'ombe kiunoni, halafu suruali ikuvuke mbele ya wakwe zako, usije kunililia.

Na hata huo mgongo hakuuamini hivi hivi. Kila ukanda aliokata aliulowesha maji, akauning'iniza kwenye boriti, akafunga jiwe kwenye ncha ya chini, kisha akachora mstari wa chaki ukutani usawa wa jiwe. Kama una tabia ya kuvutika, na uvutike hapa kwangu. Jiwe likitulia penye mstari wake, ndipo alipoushusha, akagandisha tabaka mbili kwa gundi, akazishona kwa uzi uliopakwa nta na kufunga bizimu ya kukazia kiunoni. Hapo kazi imekwisha, chukua mkanda wako nenda.

Mvua zilipoanza, kifua kilimbana, akafariki. Aliacha watoto wawili. Mkubwa alikuwa wa kiume, wakamwita Kima tangu utotoni kwa kupanda kila kilichosimama, na ukubwani akawa fundi wa umeme, kazi yake nguzoni. Wa pili alikuwa wa kike, mwembamba, Kima akambandika jina la Uzi, nalo likamganda. Huyu Uzi ndiye aliyejifunza kazi ya baba.

Baba aliacha kitu kingine pia. Kwenye boriti ulibaki ukanda mmoja mpana, mnene, umefungwa jiwe. Ulikuwa wa Kima, wa kuzungushia nguzo ili aegemee nyuma na kufanya kazi kwa mikono miwili huko juu. Mzee aliukata siku zake za mwisho, mlango ameufunga, hataki msaada wa mtu. Uzi alipobisha aliambiwa aende zake, huu ni wa mwanangu, nitaukata mwenyewe. Aliuning'iniza, akachora mstari wake wa chaki, akaenda kulala, na hakuamka tena kwa miguu yake.

Uzi hakuugusa. Nani ana moyo wa kugusa kitu kama hicho?

Sasa, lazima ujue jinsi mzee alivyofundisha. Hakuwahi kumwambia mtu kosa lake. Ukikosea, alikuja kusimama nyuma ya bega lako la kushoto, kimya, kifua kikipiga filimbi, na hapo atasimama hata jua lizame. Utatafuta, utatokwa jasho. Ukiliona kosa atauliza, "Umeona?" Nawe utajibu, "Nimeona, Baba." Ndipo aondoke. Ukidanganya ili akuache, haondoki ng'o.

Msiba ulipokwisha na watu kutawanyika, Uzi alifungua karakana. Ilikuwa mchana kweupe, watoto wakipiga kelele barabarani, jirani akikoroga rangi mlangoni kwake. Alikaa, akashika sindano, akashona mshono wa kwanza. Na baba akaja kusimama nyuma ya bega lake la kushoto.

Hakumwona. Lakini hewa nyuma yake ilijaa, kama inavyojaa mtu akiingia chumba kidogo, na harufu ya nta ikachanganyika na ile ya dawa ya kifua. Halafu akaisikia ile filimbi. Hakugeuka, maana aliogopa mawili: amkute, au asimkute.

Akafanya alichozoea. Aliutazama mshono wake, akaufumua, akashona upya. Filimbi haikukoma. Akafumua tena. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Mikanda ya watu iliyokuwa haina neno aliifumua, mpaka mwenye mkanda mmoja akauliza kama anashonewa au anakomolewa. Shangazi yake alipoelezwa alimwambia majonzi yana mambo yake, ale vizuri, alale. Haya, akala, akalala. Asubuhi alipokaa mezani, baba huyo.

"Sioni, Baba," alisema siku moja kwa sauti, machozi yakimtoka. "Kama nimekosea niambie basi." Nyuma yake filimbi iliendelea taratibu, haina haraka.

Ndipo Kima alipoleta habari kwamba anahamishiwa kwenye nguzo ndefu, zile za kuvuka bonde, na kabla ya kwenda anautaka mkanda wa baba. Uzi aumalizie tu, atie bizimu. Kamba ya kazini alisema ataitupa. Akiwa kule juu anataka ashikwe na mkono wa baba yake.

Uzi akachukua kigoda aushushe. Alipoinama kufungua jiwe, alitupa jicho ukutani. Mstari wa chaki ulikuwa juu, na jiwe lilikuwa limeshuka chini yake zaidi ya shibiri moja, limebaki kidogo liguse sakafu. Ngozi ya mgongo hurefuka kidogo siku za mwanzo, halafu basi, inatulia. Hii ilikuwa bado inashuka, kimyakimya, siku zote hizo yeye akifumua mishono ya watu.

Alikwenda chumbani kwa baba, akavuta ngozi iliyobaki nyuma ya kitanda, akaikunjua sakafuni. Ilikuwa nusu ya ng'ombe, iliyopasuliwa kwenye uti: ukingo mmoja mgongo, ukingo wa pili tumbo. Ukingo wa mgongo ulikuwa mzima, haujaguswa na kisu. Uliokatwa ulikuwa wa tumbo.

Alikaa pale pale sakafuni, na mambo yakaanza kujipanga. Siku zile paa la karakana lilivuja, wakaizungusha meza ya baba, mbele ikawa nyuma, na ngozi ikiwa juu yake. Mzee alizoea kukata ukingo wa dirishani, na siku zote huo ndio uliokuwa mgongo. Meza ilipozungushwa, dirishani likaja tumbo. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa ugonjwa, haviwezi kupapasa na kujua. Lakini macho je? Uzi akakumbuka jinsi miezi ile ya mwisho baba alivyokuwa akimwita kwa utani aje amtungie uzi sindanoni, ati uzi humsikia mwenye jina lake. Akakumbuka kikombe cha chai alichosubiri awekewe mkononi. Kumbe mzee alikuwa haoni. Alikuwa haoni kabisa, na aliwaficha, na kwa giza hilo akamkatia mwanawe mkanda.

Uzi alilia sana. Kisha akarudi karakana, akasimama mbele ya ukanda. "Nimeona, Baba," alisema. Alingoja. Nyuma ya bega la kushoto, filimbi ikapiga vilevile.

Kima alikuja siku iliyofuata, ana haraka. Uzi alimweleza yote, akamwonyesha ngozi, akamwambia mgongo upo, atamkatia mwingine kutoka ng'ombe huyo huyo na kwa kisu cha baba. Kima hakutaka kusikia. Kuteleza si kuanguka, Uzi alijaribu kumwambia, lakini kaka alikuwa amekwisha kuvimba.

"Baba hajakata tumbo maisha yake yote," alisema. "Unamsema hivyo kwa sababu yuko kaburini hawezi kujitetea. Au inakuuma kwamba wa mwisho aliukata kwa ajili yangu?"

Ilimuuma kweli. Kima alinyoosha mkono kuufungua ukanda. Uzi akaona nguzo, akaona bonde, akaona kaka yake akiegemea nyuma, mikono miwili hewani, akiamini.

"Usiufungue. Toa jiwe, ning'inia wewe," alimwambia. "Ukikushika, uchukue uende nao, sitasema neno tena."

Kima alicheka kwa dharau. Alitoa jiwe, akaukamata ukanda juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, akakunja magoti, akajiachia. Ukanda ulikaza, ukalia. Magoti yake yalikuwa juu ya sakafu, kiasi cha kupitisha ngumi. Alimtazama dada yake kwa jicho la unaona sasa.

Walisikia ngozi ikilia kidogo kidogo, kama mlango unaosukumwa na mtu mwenye adabu. Kima alibaki na tabasamu lake mpaka magoti yakagusa sakafu.

Alijitazama amepiga magoti. Hakuuachia ukanda. Aliinua uso, akautazama hadi juu kwenye boriti, na midomo ikaanza kumtetemeka kama alipokuwa mdogo.

"Umeona?" Uzi aliuliza. Hakukusudia kuuliza hivyo. Neno lilimtoka lenyewe.

"Nimeona," Kima alisema. Kisha, kwa sauti ndogo, hakuwa akimtazama dada yake bali nyuma yake, upande wa kushoto, "Nimeona, Baba."

Hewa ikapungua. Filimbi ilikatika katikati, na harufu ya dawa ikaondoka, ikabaki ya nta peke yake. Barabarani mtu alikuwa anapiga honi.

Uzi aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile aligeuka mzima mzima, akatazama, na hapakuwa na mtu. Siku zote hizo alikuwa akiomba aondoke. Sasa alinyoosha mkono pale alipokuwa akisimama, akapapasa kama kipofu, akamwambia kaka yake, "Kima, amekwenda," na hapo ndipo alipofiwa.