Sisimizi Kumi na Mmoja Ukutani

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na hajawahi kukataa. Mtunza sampuli wa idara ya wadudu, aliyeitwa Lebo kwa mwandiko wake mdogo kama punje za ufuta, alikuwa akiwaingiza sisimizi kumi na mmoja kwenye daftari huku njaa ikimnyonga. Mstari wa juu ulihusu nyenje wa msitu wa hifadhi. Sisimizi walitoka kwingine kabisa: dada yake aliwaokota kwenye gogo bovu nyuma ya jiko lake, kule kilimani, akawaleta ndani ya kichupa cha dawa ya macho. Lakini kwenye safu ya mahali Lebo aliandika "kama hapo juu", akaenda kula.

Profesa aliwachunguza miezi minane. Alihesabu pingili za papasi, zile nyuzi za kichwani za kupapasia, akapima kiuno chenye vifundo viwili, akaridhika kwamba ni spishi ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Kisha akachapisha ramani: wako hifadhini, kwingineko hawapo. Kampuni ya kokoto iliisoma ramani hiyo kwa makini kuliko wanafunzi wake. Kilima hakina kiumbe adimu, basi kilima kinapasulika. Na nyumba ya dada ilikuwa juu ya kilima.

Jumanne asubuhi sisimizi walishuka kwenye droo. Walikuwa wamekufa mwaka na nusu, wamegundishwa kwenye vikaratasi na kuchomwa pini, lakini walikatiza sakafu kwa mstari, kila mmoja na pini yake na lebo yake, kama wasafiri wasiomwamini mtu na mizigo yao. Msafishaji aliinua ufagio wapite.

"Lebo, watu wako hawa," alisema. "Waambie wasinikwaruzie sakafu, nimetoka kupiga nta sasa hivi."

Walipanda ukuta hadi kwenye ramani kubwa ya eneo lile iliyotundikwa hapo, wakasimama juu ya kilima.

Lebo aliwarudisha. Jumatano wakaenda tena. Alhamisi pia, yule aliyekatika mguu akifika wa mwisho, karibu na saa ya chai. Ijumaa Lebo alibeba daftari hadi kwa Profesa, akaungama yote, na njaa yake hakuificha.

Profesa alivua miwani. "Makala imeshatoka, bwana."

"Tuandike masahihisho, Profesa. Dada yangu atabomolewa."

"Masahihisho yanataka ushahidi. Nani kawaona kilimani?"

"Dada. Na wenyewe si hao wanaonyesha?"

"Dada yako hana shahada. Na hao ni marehemu."

Hata hivyo Profesa alikuwa mtu wa haki. Alichokiona kwa macho yake hakukikana. Alifungua orodha ya mtawanyiko wa spishi, akaongeza: "Hifadhini, pia ukutani, chumba namba tisa." Akapiga muhuri. Akaagiza wasirudishwe tena kwenye droo, kwa kuwa kumhamisha kiumbe adimu kutoka makazi yake ya asili ni kosa. Ukuta ukazungushiwa kamba, na msafishaji akakatazwa kuufuta vumbi. Hilo lilimfurahisha kidogo.

Jumatatu tingatinga lilipanda kilima. Saa sita dada aliingia idarani na masufuria mawili na godoro lililokunjwa, akaviweka chini ya ramani. Lebo alimvutia kiti.

"Dada, usikate tamaa. Angalia mwenyewe, ukweli uko pale, kila mtu anauona. Hata Profesa ameuandika. Mambo ya kitaalamu huenda polepole tu."

Dada hakukaa. Aliwatazama sisimizi, mmoja mmoja, mpaka wa kumi na moja.

"Wafu wako wamepewa ukuta wakae, mdogo wangu," alisema. "Mimi niliye hai nimetengewa upi?"