Saba kwa Mia

...na saba kwa mia si sifuri, Signe alijiambia, akipitisha kitana kwenye nywele za baba yake aliyekuwa ameketi katikati ya jiko na shuka kuukuu shingoni, saba kwa mia maana yake ukichukua watoto mia walioomba chuo ukawaketisha kwenye ukumbi wa michezo wa shule, saba wanaambiwa simameni na tisini na tatu wanaambiwa asanteni kwa kuja, na wote mia wamezoea kuwa wa kwanza darasani, wote walimu wao wameandika kwamba hawajapata kuona mtoto wa namna hii, akakata kidogo kisogoni, unywele mweupe ukaanguka kwenye shuka, mwingine mweupe, tangu lini... “Theluji imemzibia jirani Denny mlango wa gereji,” baba alikuwa akisema, “na mashine yake ya kuondolea theluji imekufa, nikamwambia, si uchukue yangu, hataki, jeuri huyo,” na Signe akasema “Mm,” kwa sababu kimawazo alikuwa amerudi ofisini kwa Bi Thibault, mshauri wa masomo, aliyemwambia mwezi wa tisa kwamba vyuo viko vya aina tatu, vya ndoto, vya saizi yako, na vya uhakika, na hiki unachokitaka cha Maine, mwanangu, hiki ni cha ndoto hata kwa mtoto aliyezaliwa getini pake. Alama zako nzuri, Signe, nzuri mno, ila wenye alama hizo wamejaa nchi nzima, wao kwenye insha yako wanataka kujua wewe ni nani, una jambo gani, na Signe akakaa pale akijitafuta jambo, yeye nahodha wa timu ya kusukuma mawe kwenye barafu, mchezo ambao hata hapa Duluth watu wanauchekea, yeye muuza mikate wa Jumapili, hajagundua dawa, hajajenga shule popote, na Bi Thibault akashusha sauti kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa, “Na mama yako? Ungeandika juu ya mama yako.” Mama hakufa! Mama yuko Tucson na daktari wa meno, kwenye nyumba yenye bwawa na mipungate ya miiba uani, aliondoka Signe akiwa darasa la sita, na bado anapiga simu, anauliza huko kuna baridi? kana kwamba hakuwahi kuishi huku, na ni kweli Signe aliiandika insha hiyo, akaisoma, ikamliza, halafu akaona aibu jinsi ilivyotoka vizuri, akaifuta yote, akaandika juu ya jiwe linavyoteleza kwenye barafu na kuanza kupinda pale pale linapokaribia kusimama, na Bi Thibault aliposoma alisema ni nzuri kwa sauti ya mtu anayeshukuru kwa zawadi ya soksi. “Inamisha kichwa, Baba.” “Nimeinamisha.” “Inamisha zaidi.” Na Imogen wa darasani kwake je, babu yake alisoma chuo hicho hicho, mama yake alisoma pale, jina la ukoo liko ukutani kwenye maktaba yao, na angekuwa na maringo ingekuwa rahisi, angemchukia yakaisha, lakini Imogen ni mtu wa kukumegea nusu ya mkate wake bila kuombwa, “Utapata tu, wewe, wanapenda watoto wa kwenye baridi,” anasema na anaamini, basi toa akina Imogen, toa wanaochukuliwa kwa kukimbia na kuogelea, toa wapiga fidla, ile saba inabaki tatu, labda mbili, na cha ajabu ni kwamba hesabu hii haikumuumiza, ilimtuliza, kila usiku aliipiga kama mtu anayejifunika blanketi hadi masikioni, ikishuka ndivyo alivyopata usingizi, kwa maana jibu litakuja kabla ya Krismasi, litasema pole, naye atakwenda chuo cha hapa hapa juu ya kilima, jioni anarudi, anapika, Jumamosi anamnyoa baba, na hakuna atakayekuwa ameamua chochote, hakuna atakayekuwa amemwacha mtu... “Pale palipokuwa na duka la viatu,” baba alisema. “Nini pale?” “Kinyozi. Si nakwambia? Nilipita Alhamisi.” Mkasi ukasimama. “Ulipita kufanya nini?” “Kuulizia. Wewe vuli ijayo uko Maine, mimi nikae na manyoya kama kondoo?” “Baba, sijapata. Wanachukua saba kwa mia.” “Ulishaniambia.” “Sasa?” “Sasa nimeulizia tu. Ana maneno mengi yule, tena mshabiki wa Green Bay, mahasimu wetu wa mpira, lakini mkono wake mwepesi,” na akacheka mwenyewe, mabega yakitikisika chini ya shuka, na Signe akatazama ile shingo, pana, nyekundu kwa baridi ya bandarini, akamwona Alhamisi ile akitoka kazini na buti zake, akisimama nje ya kioo cha duka la watu, akijikaza, akiingia, akiuliza bei kama mtu anayeuliza habari za mwingine, na kitu kikamchoma, wivu, jamani, wivu wa kinyozi! halafu nyuma ya wivu kikaja kingine, polepole, kwamba baba alikuwa ameshafika huko mbele peke yake, amepatazama, akaona patakalika, na yeye Signe miezi yote hii amekuwa akikaa nyuma ya saba kama nyuma ya pazia, si kwamba aliogopa kukataliwa, yeye ndiye aliyeogopa wamkubali, kwa sababu wakimkubali itabidi achukue begi ashuke ngazi zile zile alizoshuka mama, lakini mama alishuka asubuhi watu wamelala, na yeye mtu ameshamtafutia nafasi ya kutoka, amekwenda na buti zake kuitafuta... Akawaza chumba asichokijua, dirisha, msonobari labda, mtu wa kubishana naye kuhusu kitabu mpaka chai ipoe, akakitaka, si kama unavyotaka kitu ulichokwisha kukikosa, alikitaka hasa, tumboni, na hapo hapo ile saba ikaacha kuwa blanketi, ikawa ndogo, ndogo mno, ikamuuma kama ilivyostahili kumuuma tangu mwanzo, akaiacha imuume. Nje Denny alikuwa anapiga koleo, kwa hasira, peke yake. “Umelala huko nyuma?” “Hapana.” “Basi?” “Nataka kwenda, Baba. Nataka kweli.” Baba hakugeuka. “Najua,” alisema. “Kata, shingo inaniuma.”