Jiko Chini ya Uwanja

Kabla ya kumwaga zege kwenye uwanja wa zamani wa Lushoto, kamati ya kuupamba ilimwita Jenoveva, mwanaakiolojia mzaliwa wa Mgwashi, achimbe kwanza. Mwenyekiti, Bwana Valentino, alishajua anachotaka kipatikane: vitu vya Wajerumani. Watalii, alisema, hawapandi milima yote hii kuja kutazama vyungu.

Akapata vitu vyake. Kati ya mawe ya sakafu yaliyopangwa na Wajerumani enzi za ukoloni zilitoka chupa za bia, vifungo vya koti na kisahani kilichovunjika. Valentino alivipokea kwa mikono miwili, kama anayepewa mtoto wa kubatizwa.

Jenoveva akaendelea kushuka. Chini ya mawe kulikuwa na majivu mazito, na chini ya majivu, mafiga matatu, chungu kimelala ubavu, ndani yake maharage yaliyoungua yakawa makaa. Nyumba ilichomwa, kisha mawe yakapangwa juu yake. Jenoveva alipiga magoti shimoni.

"Mwenyekiti, njoo uone."

Valentino akachungulia kwa mbali, asije akachafua viatu. "Mafiga? Hata kwa mama yangu hapo Malindi yapo. Fukia."

"Watu walichomewa nyumba hapa."

"Fukia, dada. Zege linakuja kesho."

Jenoveva alimtazama kama mtu anavyomtazama inzi kwenye uji. Akapiga picha, akachukua chungu na maharage yake. Mafiga yakabaki, zege likamwagwa.

Siku ya uzinduzi chupa zilipangwa kwenye kabati la kioo, zimewekewa taa. Valentino akampa Jenoveva kipaza sauti amweleze mgeni rasmi.

"Hizi ni chupa za bia," alisema Jenoveva. "Walizinywa, wakazitupa. Mwenyekiti amezisafisha vizuri sana. Kiti chako, mheshimiwa, kiko juu ya jiko la familia iliyochomewa nyumba chakula kikiwa motoni. Hilo mwenyekiti aliliona uchafu."

Mgeni rasmi akamgeukia mwenyekiti. "Ni kweli?"

"Yalikuwa mafiga tu, mheshimiwa."

"Mafiga ya nani?" aliuliza mama mmoja kutoka nyuma. Alikuwa Mama Zuhura, muuza mboga. Valentino akaagiza ngoma ipigwe.

Zege halikuvunjwa. Mgeni rasmi aliahidi kulifuatilia suala hilo, kisha akakata utepe. Jenoveva hakungoja pilau. Alikuwa akipakia garini sanduku lenye chungu Mama Zuhura alipomfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyeshe."

Akafunua chungu. Mama Zuhura akayapima maharage kwa macho.

"Walikuwa wengi nyumbani," alisema.

Nyuma yao Valentino alikuwa kwenye kipaza sauti, akiwashukuru Wajerumani kwa mawe yao.